Dalali, mthamini au Halmashauri? Nani akutajie thamani ya nyumba yako Tanga

Uliza nyumba ya Ngamiani inauzwaje, utajibiwa kabla hujamaliza swali. Dalali ana bei yake, jirani aliyeuza juzijuzi ana yake, mtoto wa marehemu aliyeko Dar ana yake, na afisa mikopo wa benki hataki kusikia bei ya mtu yeyote mpaka aone ripoti yenye mhuri. Wote hao wanaweza kuwa wakweli na bado wakataja viwango tofauti, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake. Basi kabla hujamlipa mtu, jua kwanza hicho kiasi unachokitafuta kinakwenda kufanya kazi gani: kuuza, kugawana, kukopa, kuhamisha milki au kudai fidia. Ukishalijua hilo, wa kumwendea anajulikana.

Dalali anajua nini, mthamini anajua nini

Dalali simdharau hata kidogo. Yeye ndiye anayejua kwamba kuna mtu katoka Mombasa anatafuta kiwanja Sahare, kwamba ile nyumba ya Chumbageni imekaa muda mrefu bila mteja kwa kuwa ndugu wanagombana, kwamba wenye viwanja Kange wamepandisha tangu stendi ihamie huko. Habari hizo haziko kwenye jalada lolote. Mthamini makini naye huwauliza madalali.

Ila tazama anavyolipwa. Dalali hula biashara ikikamilika, tena kwa sehemu ya mauzo. Mwanzoni ana sababu ya kukutajia bei nono ili umpe kazi yeye na si mwenzake. Baadaye, mteja akisuasua, ana sababu ya kukusihi ushushe ili amalize. Hakuna wizi hapo, ndivyo kazi yake ilivyo. Pia hasaini chochote. Mkifika mahakamani mnabishana, maneno ya dalali yanabaki maneno.

Mthamini yuko upande mwingine. Kazi yake inasimamiwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, Na. 7 ya 2016, iliyounda Bodi ya Usajili wa Wathamini na kuweka wazi madaraka ya Mthamini Mkuu wa Serikali. Wengi wao wamepita Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Anachokuuzia ni maoni yaliyosainiwa na kuelezwa yametokana na nini, yeye mwenyewe akiwajibika kwayo. Nyumba iuzwe isiuzwe, ujira wake uko palepale. Na mtu akija kwa jina la mthamini, kisha kabla hajavuka kizingiti akakuuliza, “Unataka isome ngapi?”, huyo muage kwa heshima. Ripoti ya namna hiyo itakuangusha siku utakayoihitaji.

Kuna na mthamini wa Halmashauri ya Jiji, ambaye watu humsahau mpaka wapate shida. Huyu ni mtumishi wa umma. Utakutana naye pale ardhi inapotwaliwa kwa mradi, au milki inapohamishwa na serikali ikataka kujua kodi ihesabiwe juu ya kiasi gani. Kwa shughuli kama hizo hata ripoti ya mthamini binafsi hupelekwa kwa Mthamini Mkuu kuidhinishwa, kwa hiyo usidhani ukishaichukua ofisini kwake umemaliza. Uliza mapema: je, kuidhinishwa kumo ndani ya bei tuliyopatana, au ni safari yangu mimi?

Kama unapima upepo tu, unawaza kuuza lakini hujaamua, huna haja ya mthamini. Waendee madalali watatu wasiojuana vizuri, usimwambie yeyote kati yao mwenziwe kasemaje, kisha ulinganishe. Ila pakiwa na mtu wa pili mwenye haki ndani ya nyumba ile, awe ndugu, mwenza, benki au serikali, hapo bei ya kijiweni haitoshi.

Siku mthamini anapokuja

Chukua nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani, zile za barabara za namba: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na miaka ya karibuni ukuta wa mbele umetobolewa ukawekwa fremu za maduka. Mthamini ataanzia nje. Atatafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, alinganishe na ramani ya upimaji, maana si mara moja uzio wa mtu umekutwa umeingia kwa jirani. Atapima kuta kwa nje ili apate ukubwa wa jengo. Atagonga plasta kwa kiganja: Tanga hewa ni ya bahari, chumvi hupanda ukutani na plasta ikabaki imeshikwa na rangi tu. Atainua macho kwenye kenchi kutafuta njia za mchwa, na kwenye mabati atakagua kutu pale misumari ilipopita. Sofa, pazia na televisheni haviangalii. Na wale wanaokimbilia kupaka rangi usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi wanajichosha, sababu rangi mpya haibadilishi umri wa kenchi.

Halafu ataongea na mwenye nyumba, na hapo ndipo mengi hutoka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Ahsante. Hivi vyumba viwili vya uani viliongezwa lini?”

“Hivyo? Baba yao alipostaafu. Alitafuta fundi wake hapahapa.”

“Na kibali cha ujenzi mama, kilitoka?”

“Hilo sijui, baba. Labda limo kwenye lile sanduku la karatasi zake.”

Jibu hilo lina uzito. Vyumba visivyo na kibali vipo, vinaonekana na vinapangishwa, ila mthamini analazimika kuandika kwamba havina kibali, na benki au mnunuzi atakayesoma atavihesabia hatari. Lile sanduku la karatasi lifunguliwe kabla mthamini hajaja.

Akitoka hapo anakwenda kwenye ofisi ya ardhi kufanya upekuzi: hati imeandikwa jina la nani, ina rehani au zuio, kodi ya pango la ardhi inadaiwa kiasi gani, miaka imebaki mingapi. Hili la miaka watu hawalitilii maanani. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini wake. Wewe una haki ya kuitumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Nyumba mbili pacha, moja hati yake imebakiza miaka 70 na nyingine 6, haziwezi kuandikiwa kiasi kimoja.

Njia tatu, nyumba moja

Hapa ndipo mteja anatakiwa aelewe zaidi, maana ndipo kiasi kinapozaliwa. Nitatumia nyumba hiyohiyo na viwango vya mfano tu, visichukuliwe kuwa bei za Ngamiani za leo.

Njia ya kwanza ni kulinganisha na mauzo. Mthamini anatafuta nyumba zilizouzwa karibu, zinazofanana, kisha anasawazisha tofauti. Tuseme kapata tatu. Ya kwanza iliuzwa milioni 90, lakini iko kona, pande mbili zina maduka. Anapunguza milioni 10, inabaki 80. Ya pili iliuzwa 70, ila ilikuwa na ofa tu, yaani barua ya kumilikishwa kiwanja, bila hati, na ni mauzo ya miaka michache nyuma. Anaongeza 9, inafika 79. Ya tatu iliuzwa 50, na ukichimba unakuta mjomba kamuuzia mpwawe. Hiyo anaiweka kando, kwa sababu bei ya soko ni ile ya watu wasio na deni la hisani baina yao, kila mmoja akiwa na hiari na muda wa kufikiri. Kwa njia hii nyumba yetu inakaa kwenye milioni 79 au 80.

Ya pili ni gharama. Kujenga jengo kama lile upya leo ni shilingi ngapi, toa uchakavu, kisha ongeza thamani ya kiwanja. Mita za mraba 120 kwa shilingi 600,000 kila mita ni milioni 72. Uchakavu ukiwa asilimia 35, jengo linabaki milioni 46.8. Kiwanja kikiwa milioni 30, jumla ni milioni 76.8. Angalia kwamba uchakavu unakula jengo na haugusi ardhi. Ndiyo maana nyumba kongwe za Raskazone, zenye viwanja vikubwa vinavyotazama bahari, mnunuzi anaweza kulipa fedha nyingi huku macho yake yako kwenye kiwanja, jengo akipanga kulivunja.

Ya tatu ni mapato. Fremu 3 kwa 150,000 kila moja na vyumba 6 kwa 40,000 vinaleta 690,000 kwa mwezi, yaani 8,280,000 kwa mwaka. Toa asilimia 20 kwa matengenezo, miezi ya chumba kukaa tupu na wapangaji wasumbufu, unabaki na 6,624,000. Mwekezaji wa nyumba kama hii akiwa anaridhika na faida ya asilimia 8 kwa mwaka, gawanya kwa 0.08: milioni 82.8. Akitaka asilimia 10, nyumba ileile inashuka hadi milioni 66.24. Ona asilimia 2 zilivyofanya. Ukipewa ripoti ya njia hii, swali lako la kwanza liwe hiyo asilimia imetoka wapi, na jibu liwe mauzo halisi ya nyumba za kupangisha za hapa Tanga, si Masaki wala Kariakoo.

Mthamini hajumlishi hizo tatu akagawa kwa tatu. Anapima ipi ina ushahidi wenye nguvu. Kwa nyumba ya makazi iliyozungukwa na mauzo mengi, ulinganisho unatangulia. Kwa jengo lililojaa fremu, mapato yanapewa uzito. Kwa shule, zahanati au msikiti, ambavyo haviuzwi kila siku, gharama ndiyo inayobaki. Hoteli na kituo cha mafuta huangaliwa kwa hesabu za biashara yenyewe. Kwa nyumba yetu, akiandika milioni 80 na kueleza kwamba ameegemea mauzo na kuyathibitisha kwa mapato, ameifanya kazi.

Hapa kuna jambo linaloniuma. Njia ya kulinganisha inategemea mikataba iliyoandikwa bei ya kweli, na sisi tumezoea kuandika nusu. Nyumba imelipwa milioni 80, mkataba unasoma 40, ili ushuru wa stempu na kodi vipungue. Siku mtaa unapotwaliwa kwa mradi, mthamini anafungua majalada anakuta arobaini, arobaini, na wazee waliojenga kwa jasho wanashangaa fidia kuwa ndogo. Mnunuzi naye hajapona: kodi ya ongezeko la mtaji huhesabiwa kwa tofauti kati ya ulichonunulia na ulichouzia. Aliyeandikiwa 40 atakapouza 95 ataonekana kapata faida ya 55, wakati alichopata hasa ni 15.

Kama ni mirathi

Kwenye mirathi ndiko ningeweka fedha ya mthamini kabla ya pengine popote. Familia nyingi huona aibu kumleta, kana kwamba ni kutoaminiana. Tazama hesabu lakini. Mzee kafariki, kaacha mke, wavulana wawili na msichana mmoja, na wanagawana kwa sheria ya Kiislamu. Mke anapata thumuni, yaani moja ya nane, kilichobaki mwanamume anachukua sehemu mbili na mwanamke moja. Nyumba ya milioni 80: mama 10, kila mvulana 28, msichana 14. Kaka mkubwa anasema ataichukua nyumba yeye awalipe wenzake. Anatakiwa kutoa milioni 52.

Sasa kikao cha familia, kwa nia njema kabisa, kikubaliane tu kwamba “nyumba hii haizidi sitini”. Mama anapata 7.5, dada 10.5, mdogo mtu 21. Kaka katoa 39. Milioni 13 zimehama kutoka kwa mama, dada na mdogo kwenda kwa kaka, na hakuna aliyekusudia kumdhulumu mtu. Ripoti ya mthamini mmoja aliyekubaliwa na wote ni nafuu kuliko hasara hiyo. Msimamizi wa mirathi naye inamsaidia, kwa kuwa atapeleka mahakamani orodha ya mali na baadaye hesabu ya mgawanyo, na ikitokea lalamiko ana cha kuonyesha. Mthamini achaguliwe na familia nzima. Asiwe rafiki wa yule anayetaka kuinunua.

Kama ni mkopo

Usitangulie kulipia ripoti. Benki huwa na orodha ya wathamini inaowakubali, na ripoti ya mtu aliye nje ya orodha hiyo, hata iwe nzuri vipi, utaambiwa urudie. Nenda benki kwanza.

Ripoti ya mkopo itabeba viwango viwili. Kimoja ni thamani ya soko, yaani milioni 80 zetu. Cha pili ni kile ambacho nyumba ingeleta ikiuzwa harakaharaka kwa sababu umeshindwa kulipa, tuseme 56. Wakopaji hukasirika wakiona hicho cha pili, wanahisi nyumba yao imetukanwa. Benki inafikiria mnada, siku chache za tangazo na wanunuzi wanaojua muuzaji hana ujanja, na mkopo wako utapimwa kwa kuangalia huko. Ukitaka kuuza, basi, usimwonyeshe mteja ripoti ya benki. Atashika kile kidogo. Na kumbuka kwamba nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina la mmoja.

Kodi za kila mwaka zisikusumbue katika hili. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU kwa kiwango maalumu, na kodi ya pango la ardhi inafuata ukubwa, mahali na matumizi ya kiwanja. Hakuna mthamini anayehitajika hapo.

Kama ni fidia

Tanga hili tunalijua kwa karibu, kwa sababu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Kwenye fidia humchagui mthamini, anakuja. Unachoweza kuchagua ni kuwa tayari.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na kanuni zake za 2001 zinataja kinachohesabiwa. Kuna thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake. Kuna posho ya usumbufu. Kuna usafiri wa mizigo, tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Kuna posho ya makazi, ambayo ni kodi ya mwezi ya nyumba kama yako mara miezi 36. Nyumba ya kupangishwa kwa 100,000 inakupa 3,600,000 juu ya thamani ya nyumba yenyewe. Mwenye biashara pale ana faida iliyopotea, nayo faida halisi ya mwezi mara 36. Hii ya mwisho huwapita wengi, kwa kuwa mama mwenye duka la baraza hana daftari. Anza kuliandika mara tu unaposikia habari za mradi.

Mazao pia huhesabiwa, mnazi kwa mnazi, mkorosho kwa mkorosho, kwa umri na hali yake. Siku hiyo kuwepo mwenyewe shambani, au mtu mzima unayemwamini, pamoja na kiongozi wa mtaa. Hesabu nao. Mnazi unaozaa usiandikwe mche. Usisaini fomu yenye nafasi tupu, na ukiisaini piga picha kila ukurasa kwa simu. Baada ya tarehe ya ukomo kutangazwa, utakachojenga au kupanda hakitahesabiwa.

Kisha hesabu muda. Malipo yakipita miezi sita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe uthamini, riba inaanza kudaiwa. Uthamini wa fidia una uhai wa miaka miwili. Ikipita hujalipwa, unatakiwa kufanyika upya, kwa maana bei za saruji na mabati za miaka miwili nyuma hazijengi nyumba leo. Tarehe ya kuidhinishwa huko, siyo ya kikao wala ya barua, ndiyo ya kuulizia, kuandika pembeni na kuitunza.

Ukishaipata ripoti

Wengi hufungua ukurasa wenye kiasi na kufunga. Anzia mwanzo. Tazama kusudi lililoandikwa: ripoti iliyoandikwa “kwa ajili ya mkopo” usiipeleke kwenye mirathi. Tazama tarehe ya ukaguzi, namba ya kiwanja na kitalu, jina la mmiliki, ukubwa wa jengo. Kosa dogo la namba hapo linaweza kukwamisha uhamisho mzima. Halafu soma dhana na mipaka ya ripoti, pale mthamini anaposema hakuweza kuingia chumba fulani kwa kuwa kilifungwa, au amechukulia kwamba hakuna deni.

Usipokubaliana na kiasi, hasira haitasaidia. Rudi kwake na mauzo mawili au matatu ya karibuni yaliyo karibu na kwako, yenye mikataba, umuulize kwa nini hayakutumika. Mthamini wa kweli atakujibu kwa hoja au atarekebisha. Akikataa hata kusikiliza, tafuta wa pili, na umpe naye karatasi zilezile bila kumtajia mwenzake aliandika ngapi.